Hukumu ni ya Wote, Nyumbani ni kwa Hakimu

Kijiwe cha kahawa ninachokaa hapa Tabora mjini kiko karibu na barabara ya kwenda mahakamani, chini ya mwembe mkubwa. Wanaokaa pale ni wadaawa wanaosubiri mashauri yao yatajwe, vijana wa bodaboda, wastaafu wa reli, na mtu mmoja mmoja kama mimi asiye na kesi ila anapenda kahawa. Wiki iliyopita kijana wa boda ndiye aliyeleta mada. Kasikia kwamba mahakimu na mawakili siku hizi wanahimizwa kujilinda mtandaoni: wasirushe picha za watoto, wasitumie namba moja ya simu kwa kila jambo, wafunge akaunti zao ili wasionwe na kila mtu. Mzee mmoja wa reli akamaliza kashata yake kwanza, ndipo akauliza: "Sasa wanaficha nini? Kama huli rushwa, unaogopa nini kujulikana?"

Pale kijiweni hakuna aliyemjibu mzee vizuri, mimi mwenyewe nikiwemo. Na swali lake lina uzito. Mahakama ni mahali pa wazi. Ukiacha mashauri machache, kama yanayohusu watoto, yeyote anaweza kuingia akakaa kwenye benchi la nyuma akasikiliza. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII zikiwa na jina la jaji, majina ya mawakili na ya waliogombana, na mtu wa Kaliua anazisoma kwenye simu bila kulipa chochote zaidi ya bando. Ndivyo inavyotakiwa. Basi usiri unaingilia wapi?

Tuanze na majina, maana hapo tu wengi hupotea. Kwetu kila anayekaa kile kiti cha mbele tunamwita hakimu. Kisheria, hakimu ni wa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi. Jaji anakaa Mahakama Kuu, na juu yake kuna majaji wa rufani. Wakili ni mwanasheria aliyeapishwa na kuandikishwa kwenye daftari la mawakili. Anayekuandikia hati mtaani bila kuandikishwa ni kishoka tu, hata akivaa tai na kubeba mkoba. Halafu kuna wale ambao hatuwataji: karani, mpeleka samansi, na dalali wa mahakama, ambaye kazi yake ni kwenda kuwatoa watu kwenye nyumba waliyoshindwa kesi. Huyu wa mwisho naona ndiye anayestahili kuhurumiwa kuliko wote, lakini hakuna anayemhurumia.

Sasa usalama mtandaoni. Watu wakilisikia neno hilo wanamfikiria kijana aliyevaa kofia ya sweta usoni anadukua kompyuta gizani. Wapo wa namna hiyo. Ila sehemu kubwa ya jambo lenyewe ni ya kawaida mno: nani anajua nini kukuhusu, amekijulia wapi, na anaweza kukitumia kukufikia. Hakimu ana taarifa za aina mbili. Moja ni ya kazi: jina lake, kituo chake, alichoamua na sababu alizotoa. Hiyo ni ya umma, na akijaribu kuificha tumkatalie. Nyingine ni ya maisha: anaishi nyumba ipi, mtoto wake anasoma wapi, mama yake mzazi anatibiwa hospitali ya Kitete siku gani, yeye mwenyewe anarudi saa ngapi kutoka kwaya. Hii ya pili haimsaidii mdaawa hata chembe kujua kama hukumu ilikuwa ya haki. Inamsaidia mtu mmoja tu: anayetaka kumfikia akiwa si hakimu bali ni baba au mama wa watu.

Wenzetu warina asali wa misitu ya huku wanamjua yule ndege anayelia na kurukaruka mbele ya mtu mpaka amfikishe kwenye mzinga. Ndege hapasui mzinga, hana nguvu hizo. Anaonyesha njia, binadamu ndiye anakuja na moto. Picha moja ya mtoto na sare ya shule ni ndege wa namna hiyo. Yenyewe haijamdhuru mtu.

Kama hili linaonekana ni woga wa kupitiliza, nitaje machache yaliyotokea na yanayojulikana. Julai 2020, huko New Jersey, Marekani, mtu aliyejifanya mpeleka vifurushi aligonga kengele nyumbani kwa Jaji Esther Salas. Mlango ukafunguliwa na mwanawe, Daniel Anderl, kijana wa miaka 20. Akapigwa risasi akafa, na baba yake akajeruhiwa vibaya. Jaji alikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, hakuguswa. Muuaji alikuwa wakili aliyewahi kuwa na shauri mbele yake, na kwa maelezo ya jaji mwenyewe, mtu huyo alikuwa amejikusanyia faili zima kuhusu familia yake. Desemba 2022 Marekani ikapata sheria yenye jina la kijana yule, inayozuia anwani na taarifa za familia za majaji wa shirikisho kuuzwa na kusambazwa ovyo mtandaoni. Na bado, mwaka 2025, majaji kadhaa wa nchi hiyo waliletewa piza majumbani ambazo hawakuagiza, nyingine zikiwa zimeagizwa kwa jina la Daniel Anderl. Piza haiui. Lakini mwenye nyumba ameelewa alichoambiwa.

Karibu na kwetu, Juni 2024, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini katika mahakama ya Makadara, Nairobi, na ofisa wa polisi, baada ya uamuzi kuhusu dhamana ya mke wa ofisa huyo. Akafariki. Machi 2015 huko Kampala, mwendesha mashtaka Joan Kagezi alisimamisha gari kununua matunda njiani akielekea nyumbani, watoto wake wakiwa ndani, na watu waliokuwa kwenye pikipiki wakamuua pale pale. Na hapa nyumbani, Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, ambaye wakati huo alikuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, alimiminiwa risasi kwenye makazi yake Dodoma. Alikuwa mbunge na mwanasiasa pia, kwa hiyo sisemi ni uwakili uliomponza. Naangalia mahali.

Ukiondoa Makadara, kote huko ni mlangoni au njiani kuelekea nyumbani. Jengo la mahakama lina askari na lango, na mtu mwenye nia mbaya analijua hilo vizuri kuliko sisi.

Jambo la pili limenishangaza zaidi. Sisi hudhani hatari iko kwenye kesi kubwa, zile za mauaji, dawa za kulevya na uhujumu uchumi. Kumbe makosa mengine yanazaliwa na visa vidogo: dhamana ya mke, talaka, nani akae na watoto. Oktoba 2023, Maryland, Jaji Andrew Wilkinson aliuawa nje ya nyumba yake, na mtuhumiwa alikuwa mwanamume ambaye siku hiyo hiyo jaji alikuwa amempa mkewe haki ya kukaa na watoto. Yeyote aliyekaa mahakamani Tabora hashangai. Jambazi akifungwa, moyoni anajua alichofanya. Lakini ndugu wawili waliogombea shamba la baba yao kule Sikonge, au mke wa pili aliyetolewa kwenye mirathi, kila mmoja anatoka pale akiamini kabisa kwamba amedhulumiwa. Huyo ndiye analala na hasira. Na kesi hizo hazikai kwa jaji mwenye gari, dereva na askari. Nyingi zinaanzia Mahakama ya Mwanzo.

Kijiweni walinibana hapa. "Ndugu yangu," kijana wa boda akasema, "mimi nawajua mahakimu wote wa mji huu wanapokaa. Nimewabeba. Mtu akitaka kwa hakimu anipe buku nimpeleke. Mtandao unaongeza nini?"

Ni kweli, Tabora si Dar. Mjini kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu. Ila angalia tofauti. Anayekuja kukuuliza wewe nyumba ya hakimu, umemwona sura. Umesikia lafudhi yake, unakumbuka kavaa nini, na ukimtilia shaka utasema hujui, kisha jioni utamtonya mlinzi wa pale. Kuuliza kwa mdomo kuna gharama, maana muulizaji naye anajulikana. Kwenye simu anayeuliza haonekani. Anaweza kuwa Nzega, anaweza kuwa gerezani, anaweza kuwa amelala kitandani saa nane usiku anapitia picha zako za miaka sita, na wewe huna habari hata kidogo.

Na vipande vyenyewe viko vingi kuliko tunavyodhani. Chukua kibao cha ofisi ya wakili: jina na namba ya simu. Namba hiyo ukiiandika kwenye menyu ya kutuma pesa, kabla hujathibitisha, jina lililosajiliwa linajitokeza. Ukiihifadhi, WhatsApp inakupa picha yake, na kama hajabadilisha mpangilio, kila mtu anaiona: wakili na mkewe kwenye send-off ya shemeji. Kwa kuwa wakili huhifadhi namba za wateja, wateja nao wanaona stetasi zake: "Asante Mungu, binti yetu kamaliza darasa la saba", na binti yuko kwenye sweta la shule. Kwa mtu wa Tabora sweta ni anwani. Jumamosi yuko Ipuli kwenye nyama choma, ametaja jina la baa. Jumapili kuna picha za kanisani. Hakuna kipande hata kimoja hapo cha siri. Vikikusanywa na mtu mwenye subira, vinakuwa ratiba ya wiki.

Dawa yake haihitaji mtaalamu. Laini ya kazi iwe yake, na ya nyumbani, ya benki na ya pesa za simu iwe nyingine isiyoandikwa kwenye kibao wala kwenye kadi. Picha ya WhatsApp na stetasi vinaweza kuwekewa mpaka wa nani avione. Mtoto apigwe picha, ila irushwe baada ya siku kadhaa na sweta lisionekane. Ukipiga *106# na kuweka namba ya kitambulisho chako cha taifa, unaona laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, kimbilia ofisi za mtandao husika.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mwili. Kuna hatari nyingine ambayo nadhani kwa Tabora ndiyo kubwa zaidi, nayo haigusi mwili mwanzoni. Inagusa jina.

Mama mmoja wa Isevya, tuliyekaa naye benchi moja mwaka jana, alinisimulia hivi. Alikuwa na shauri la mirathi. Jumanne jioni simu ikaita. Sauti ya kijana, yenye adabu: "Mama, shikamoo. Naongea kutoka mahakamani." Akamtajia namba ya shauri lake sawasawa, na tarehe ya hukumu sawasawa. Akamwambia mheshimiwa yuko mbioni kuandika hukumu, na kwamba upande wa pili tayari umeshapita, kwa hiyo mama akiwahi kidogo mambo yatakaa sawa. Mama akauza mbuzi wawili, akaongezea akiba, akatuma laki moja na nusu. Alhamisi akashindwa kesi.

Namba ya shauri na tarehe havikuwa siri yoyote. Orodha ya mashauri hubandikwa ubaoni, na mtu yeyote akipita anaipiga picha. Namba ya mama ilikuwa kwenye hati zake, zilizopita mikononi mwa watu watano kabla ya kufika masjala. Tapeli alichohitaji ni adabu tu na vocha.

Sasa tazama upande wa hakimu. Hakimu hajui kitu. Hajapiga simu, hajapokea hata senti. Lakini huko Isevya kuna mama anayeamini kwa roho yake yote kwamba hakimu alikula pesa yake kisha akampa ushindi mwenzake aliyetoa zaidi. Watoto wake wakubwa wanaamini hivyo hivyo. Hakimu amepata adui ambaye hata akimsalimia sokoni hatamtambua. Na je, kama mama angeshinda? Angeenda kuwaambia majirani kwamba hukumu inanunuliwa laki na nusu, na kwa bei hiyo ni rahisi. Kwa vyovyote vile, jina la hakimu limeuzwa bila yeye kuwepo.

Ndiyo maana nasema usalama wa hakimu unaanzia kwenye simu ya mdaawa. Malipo halali ya mahakama yana namba yake ya malipo ya serikali, ile tunayoita kontroo namba, hayaendi kwenye laini ya mtu. Hakuna hakimu wala karani anayepiga simu jioni kuongelea hukumu ambayo haijasomwa. Ujumbe wa kitapeli unapelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na anayeomba rushwa, wa kweli au wa bandia, anaripotiwa TAKUKURU kwa 113, simu ya bure. Na kama anayekuhudumia unamtilia shaka kuwa ni kishoka, jina lake linatafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili. Hakimu akiyasema haya kwa dakika mbili mwanzoni mwa kikao, kwa Kiswahili cha kawaida, anajikinga kuliko akinunua simu mpya.

Twende kwa mawakili, na niwapeleke steshenari.

Duka lolote la steshenari lililo karibu na mahakama, saa mbili na nusu asubuhi, utakuta foleni. Wakili amekumbuka jana usiku kuwa kiapo kina kosa, karekebisha kwenye simu, sasa anataka kuchapa kabla mheshimiwa hajaingia. Dada wa dukani anamwambia, "Kaka, ingia tu WhatsApp hapo kwenye kompyuta." Wakili anaielekeza simu kwenye ule mraba wa vidoti, WhatsApp yake nzima inafunguka, anapakua faili, anachapa nakala nne, analipa, anakimbia. WhatsApp yake imebaki pale. Nimeiona kwa macho yangu: mteja aliyefuata, mwanafunzi aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi, alikuta mazungumzo ya wakili na mteja wake kuhusu talaka, yapo wazi yanaendelea kuingia moja baada ya jingine. Kijana mwenye heshima zake aliyafunga. Na kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa kulikuwa na viapo, mikataba ya mashamba, nakala za vitambulisho na vyeti vya ndoa vya miezi mingi, vya watu wasiojuana, vyote pamoja kama nguo za mtumba.

Hapa ndipo huwa nasikia jibu la haraka: "WhatsApp imefungwa, haidukuliwi." Hii ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewaponza wengi. Ukweli wenyewe ni kwamba tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Ni kama ndoo ya asali unayoizibia Tabora kwa gundi na kuipakia kwenye basi la Dar. Njia nzima, kuanzia Nzega, Singida hadi Morogoro, hakuna kondakta anayeweza kuchovya kidole bila kujulikana. Lakini ikishafika, mpokeaji anaifungua. Akiifungulia stendi watu wakiwa wamemzunguka, gundi yako ilikuwa na kosa gani? Simu isiyo na namba ya kufungulia, kompyuta ya steshenari, nakala rudufu isiyofungwa, mtoto anayechezea simu ya baba: hizo zote ni stendi.

Kuna pia wanaoivunja ndoo yenyewe. Programu za kijasusi kama Pegasus, ya kampuni ya Israeli iitwayo NSO, zinaingia kwenye simu na kusoma kila kitu pale pale kilipofunguliwa, na mwaka 2019 WhatsApp ilisema watu kama 1,400 walilengwa kwa njia hiyo. Ila hizo ni ghali sana na hazitumwi kwa kila mtu. Wakili wa kawaida wa Tabora hatamalizwa na Pegasus. Atamalizwa na steshenari, na tarakimu sita.

Hizo tarakimu sita ziko hivi. Rafiki anakuandikia, kwa namba yake kabisa: "Kaka samahani, nimekosea nimetuma namba fulani kwako, naomba nirudishie." Rafiki yako ameshatekwa akaunti dakika kumi zilizopita, na anayekuandikia ni aliyemteka. Zile tarakimu zilizokuja kwenye ujumbe wako wa kawaida ni ufunguo wa WhatsApp yako wewe. Ukizituma, yako nayo imekwenda, na saa hiyo hiyo wateja wako wanaanza kuombwa: "Mzee, kuna ada ya haraka ya kufungua rufaa, tuma laki tatu kwenye namba hii ya karani wangu." Watatuma, kwa sababu wanakuamini. Kinga ni ile sehemu ya mipangilio inayoitwa uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo unajiwekea namba yako ya siri juu ya zile sita. Inachukua dakika moja. Ukiwa hapo hapo, angalia vifaa vilivyounganishwa. Huenda ukaikuta kompyuta ya dukani bado imo.

Jambo jingine linalofanana na hilo, na mawakili wenyewe hawapendi kulisikia: nywila ya mfumo wa kufungulia mashauri mahakamani. Wakili mwenye kazi nyingi humpa kijana wa mafunzo nywila yake amfungulie kesi. Kijana anamaliza mafunzo, anaenda ofisi nyingine, pengine ofisi ya mpinzani. Nywila haijabadilishwa. Lolote litakaloingizwa kwa akaunti ile, mahakama italisoma kama limetoka kwa wakili. Huwezi kumwachia mtu muhuri wako wa kiapo mwaka mzima, sasa nywila ina tofauti gani na muhuri?

Na siri inayovuja hapo si ya wakili. Ni ya mteja. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa alichoambiwa na mteja wake bila ridhaa ya mteja. Tangu Mei 1, 2023 imeanza kufanya kazi pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna Tume yake. Yale mafaili ya talaka na vitambulisho ndiyo hasa taarifa binafsi zinazosemwa. Ofisi ya wakili inazikusanya, kwa hiyo ofisi inawajibika.

Vitisho vinahitaji kusemwa peke yake. Watu wengi hupima kitisho kwa ukali wa matusi. Wahenga walishasema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na watafiti wa Marekani waliochunguza watu walioshambulia viongozi na watu mashuhuri walikuta jambo lile lile: wengi wao hawakumtumia mlengwa kitisho cha wazi kabla. Kwa hiyo anayekutukana mama yako kwenye maoni ya Facebook ni kero, na kwa hakimu mwanamke kero hiyo huwa chafu zaidi, lakini huenda ni hasira ya siku moja. Mwenye kukushtua awe ni yule asiyetukana, anayekuandikia kwa utulivu kwamba mtoto wako leo alichelewa kutoka shule. Maelezo yana uzito kuliko makelele. Vivyo hivyo mtu anayehama kutoka kuongelea hukumu kwenda kuongelea wewe, au anayeacha ghafla kukata rufaa na kusema hana tena cha kupoteza.

Kitisho kikija, kosa la kwanza wanalofanya watu wa sheria, niamini, ni kukifuta. Wakili ambaye kila siku anamwambia mteja "usifute, lete simu yenyewe", anayejua fika masharti ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kuhusu kuthibitisha ushahidi wa simu, yeye mwenyewe akitishwa anafuta na kumzuia mtu kwa hasira. Kiache. Piga skrinishoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, mwonyeshe mtu wa pili, kisha peleka polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, kujifanya mtu mwingine na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa. Hakimu amjulishe na kiongozi wake wa kituo, maana akikaa kimya, kesi ile ile itaendelea kuwa mezani kwake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nirudi kwa mzee wa reli, nisije nikaonekana nimemkwepa. Kuna mambo ambayo hakimu hana ruhusa ya kuyaficha kwa kisingizio cha usalama. Kama mdaawa ni shemeji yake, kama wako pamoja kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia harusi, kama aliwahi kununua kiwanja kwake, hilo si la maisha yake binafsi tena. Anatakiwa kulisema mahakamani, na ikibidi ajitoe. Nilipomwambia hivyo, mzee alikubali kwa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo nalo sikuwa nalo jibu. Hizo namba za siri na stetasi ulizotaja zinamsaidia nini hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, kule tarafani, ambaye hana gari?

Nilimtembelea mmoja wa hao mwezi uliopita. Alisoma hukumu ya shamba saa tisa mchana. Njia ya kutoka pale ni moja, kijiwe cha boda ni kimoja, na aliyeshindwa alikuwa amekaa pale na wanawe watatu, wakisubiri usafiri ule ule. Mheshimiwa akarudi ndani, akafunga dirisha la upande wa barabara, akajifanya anapanga majalada. Tulikaa saa nzima na robo. Jua lilipopoa akatoa simu akampigia dereva wake wa siku zote apitie njia ya nyuma, ya kisimani. Niliona jina alilomhifadhia kwenye skrini: Fundi Bomba.